Nyoka Kwenye Kabati la Vikombe vya Baba

Jumapili, 28 Julai

Leo nimetangaza vita. Silaha: akili. Adui: mtaa mzima.

Mchokozi ni Eknath Dhumal, muuza maziwa, aliyeanguka mtihani wa darasa la kumi mara mbili na ambaye, bila shaka kwa sifa hiyo, amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Alisimama kwenye kibanda cha chai akatangaza kwamba Nag Panchami, sikukuu ya nyoka, ya mwaka huu itafunika zote zilizopita. Wachezesha nyoka kutoka ng'ambo ya mto! Swila ndani ya vikapu! Na maziwa tele ya kuwanywesha. Maziwa ya nani? Yake.

Niliinuka. Nilieleza, kwa utulivu na kwa vipengele, kwamba nyoka hana haja na maziwa wala tumbo la kuyameng'enya. Kwamba wachezesha nyoka huwang'oa meno na kuwanyima maji kwa wiki kadhaa, mpaka kiumbe yule akiwekewa kitu chochote cha majimaji, hata wino, atakinywa kwa kiu. Kwamba serikali imepiga marufuku kumfuga nyoka yeyote wa porini. Kwamba kumfungia kiumbe huru ili kumstaajabisha mjinga ni uovu mara mbili: kwanza kwa kiumbe, pili kwa mjinga.

Kimya. Nilidhani ni kimya cha watu waliozinduka. Kumbe Eknath alikuwa anasubiri niketi. "Profesa, chai yako imeshaota utando," akasema. Kicheko! Kisha akadai kwamba nyati wake wa maziwa huamka kila asubuhi chuchu moja ikiwa tupu. "Nani kanyonya? Mimi?"

Nikamjibu kwamba kama nyoka angekuwa anamnyonya nyati wake, maziwa yangepungua, ilhali maziwa ya Eknath sote tunajua kuwa huongezeka njiani, hususan yanapopita karibu na bomba. Hakuna aliyecheka. Watu hawa hawana masikio ya kejeli iliyojengwa vizuri.

Tukafikia mapatano mbele ya mashahidi. Siku ya sikukuu, kwenye kichuguu wanakoabudia nyoka, nitaleta nyoka wangu mwenyewe na kumwekea maziwa. Asipokunywa, wachezesha nyoka hawatakanyaga tena hapa Karanjwadi, na hotuba ya siku ya uhuru, tarehe kumi na tano Agosti, chini ya bendera, nitaitoa mimi, si Eknath. Akinywa, nitabeba chungu cha maziwa kichwani, pekupeku, kuuzunguka mtaa wote, na sitabishana tena kibandani maisha yangu yote.

Nimerudi nyumbani kama mshindi. Limebaki jambo moja dogo. Sina nyoka.

Jumanne, 30 Julai

Ninaye!

Ni dhaman, yule nyoka mrefu wa rangi ya majani makavu, asiye na sumu, mla panya. Anaishi chini ya jiwe katika ghala letu la mtama. Mama humwekea nafasi apite, kama mtu anavyompisha mkwe. Nilipomweleza kwamba namhitaji kwa ajili ya elimu, alisema nimwache mzee wa watu. "Huyo yupo humu tangu nilipoolewa. Kama si yeye ni mama yake. Anakula panya. Wewe unakula nini humu ndani? Mtama wenyewe!"

Sikushuka hadi kiwango cha mjadala huo. Nilisubiri aende kisimani.

Nilimrushia nyoka foronya. Foronya ikamwangukia paka. Nikamshika nyoka kwa mkono, kwa mujibu wa mchoro ulio katika kitabu changu. Mchoro hauonyeshi mkia. Mkia ulinizunguka shingo, kichwa kikaniuma kidole gumba. Kisayansi najua fika kwamba dhaman hana sumu hata chembe. Hata hivyo niliketi nikaandika maneno yangu ya mwisho, kwa tahadhari. Ni mazuri sana. Nimeyahifadhi.

Jumatano, 31 Julai

Nimemweka kwenye kabati la vioo la marehemu baba, alimokuwa akipanga vikombe vyake vya mieleka. Vikombe nimevisukuma chini ya kitanda. Hatimaye kabati hili linabeba kitu chenye faida kwa jamii.

Kitabu kinasema nyoka wa kufugwa lazima apashwe joto, la sivyo atazizima. Kimeandikwa na mtu wa nchi ya theluji, watu makini. Nimefunga juu ya kabati globu kubwa kuliko zote zilizopatikana dukani, nayo inawaka mchana kutwa. Mama alichungulia akauliza kama namfuga au namchoma. Nikamwonyesha ukurasa. Akasema kitabu hicho kitoke jasho kwanza.

Nyoka nimempa jina: Hoja. Nimemwekea bakuli la maji.

Leo pia nimeanza risala yangu kubwa, *Juu ya Uovu wa Kumfungia Nyoka*. Sura ya kwanza inathibitisha kwamba hakuna binadamu mwenye haki ya kumtia nyoka kwenye chombo kwa sababu yoyote ile. Kuiandika bila nyoka mbele yangu kungekuwa ubabaishaji. Ama kuhusu sheria ya serikali, ni dhahiri ilitungwa kwa ajili ya wanaofuga bila falsafa.

Ijumaa, 2 Agosti

Hoja ni mwanafikra. Kutwa nzima anapitisha pua yake kwenye kioo, kutoka kona hii hadi ile, kisha anarudi. Ninavyofanya mimi ninapotunga.

Kero moja. Anaoga kwenye bakuli, anamwaga, mvuke wa globu unapanda, kioo kinafunga ukungu. Simwoni. Nimefuta mara nyingi mno kwa msomi.

Eknath alipita na madumu yake, akachungulia dirishani. "Profesa, umemfungulia nyoka duka la peremende?" Nikamwambia huu ni utafiti. Akauliza kama utafiti umeshakula. Kwa kweli hajala. Nilimpa yai la kuchemsha, akalipuuza. Nimemwandikia Eknath, ndani ya akili yangu, jibu kali sana, lakini alikuwa ameshafika kona.

Jumapili, 4 Agosti

Dada yangu Sulochana amewasili kutoka kwa mumewe, kama ilivyo desturi ya walioolewa kurudi kwao wakati wa sikukuu hii. Ameleta bangili za kioo, hina, na maoni.

Nilimfungulia pazia la kabati kwa heshima, nikitarajia mshangao. Akapiga magoti. Akasogeza uso kwenye kioo. Kisha akasema, "Chandrahas, pua yake inatoka damu."

Nilimfafanulia kuhusu kutafakari. Akasema, "Huyo hatafakari, anatafuta mlango." Akaniuliza kwa nini ngozi inambanduka vipandevipande kama chokaa ya ukuta, na kwa nini macho yake yamefunga maziwa. Nikamwambia macho yenye utando ni dalili ya kujichubua ngozi, jambo la kawaida kabisa, ukurasa wa hamsini na mbili. Akasema katika ghala alikuwa anajichubua kipande kimoja, kuanzia mdomo hadi mkia, na tulipokuwa watoto tulizitundika ngozi hizo juu ya mlango. Hilo ni kumbukumbu, nikamwambia, si ushahidi.

Mabishano yalikatizwa na kishindo ghalani. Panya! Wametoboa magunia mawili. Mama anapita kila mahali akiuliza kwa sauti kubwa, bila kumlenga mtu, mlinzi wa ghala amekwenda likizo wapi.

Jumatatu, 5 Agosti

Wazo la kipekee limenijia nikiwa naoga.

Hoja akikataa maziwa siku ya Ijumaa, Eknath atasema nini? Atasema nyoka alikuwa ameshiba maji! Yule mtu ana ujanja wa kishamba. Basi lazima mlango huo uzibwe. Nimeondoa bakuli. Mpaka sikukuu Hoja hatapata tone. Ataletwa mbele ya maziwa bila kisingizio chochote, na atakapoyakataa, atakuwa ameyakataa kwa kanuni.

Isitoshe, kioo sasa ni safi. Namwona vizuri ajabu.

Sulochana aliuliza maji yamekwenda wapi. Nikamweleza juu ya haki katika jaribio. Akauliza tena, "Si hivyo hivyo ndivyo wale wa vikapu wanavyowafanyia wao?" Nikalazimika kumfundisha tofauti, nayo ni kubwa kama mbingu na ardhi: wao huwanyima maji ili kudanganya, mimi namnyima ili kutenda haki. Akasema, "Koo lake linajua tofauti hiyo?"

Huyu dada alikuwa na akili sana kabla hajaolewa.

Jumatano, 7 Agosti

Panya wameingia chumbani kwangu. Wamekula jalada la tasnifu yangu ya uzamili, utangulizi, na sehemu kubwa ya hoja kuu. Hitimisho hawakuligusa. Mama anasema hata panya wana kiwango.

Hoja amelala chini humo kabatini, amenyooka, hapitishi tena pua kwenye kioo. Amepevuka. Nimeandika katika risala: "Kiumbe akizoea kifungo, hutulia."

Alhamisi, 8 Agosti

Leo wanawake wamefunga kula kwa ajili ya ndugu zao wa kiume, kama inavyofanywa siku moja kabla ya Nag Panchami, kwa kuwa nyoka kwao ni kaka. Ushirikina mtupu, ingawa kama kaka anayefungiwa saumu sina sababu ya kuuvunja.

Mchana nilimkuta Sulochana anapapasa mlango wa kabati, bakuli la maji miguuni pake. Hujuma! Nikamsimamia. Hakuona haya. "Nimefunga tangu alfajiri kwa ajili ya kaka zangu. Ninao wawili. Mmoja yumo kwenye kabati, na mwingine ndiye aliyemtia humo. Sasa niambie mwenyewe, nimwombee nani?"

Lilikuwa swali la hisia, si la mantiki, kwa hiyo nililiweka kando. Akasema, "Atakufa, Chandrahas. Mtazame tu. Acha kumsoma, mtazame."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda kidogo ubavuni. Nikamwambia Sulochana kwamba ushindi wa kesho utawaokoa nyoka wote wa wilaya, na kwamba mmoja kupata usumbufu kwa ajili ya wengi ni hoja inayojulikana. Alinishika mkono akautia juu ya kichwa chake, nikaapa: kesho, mara tu jaribio litakapokwisha, Hoja ataachiwa. Akarudi jikoni akilia. Bakuli nikalimwaga.

Jioni nimelizungushia kabati kamba ya katani, mafundo saba, yote nimeyatoa kwenye kitabu cha mabaharia. Eknath asije akasema nimechezea kitu.

Ijumaa, 9 Agosti. Nag Panchami

Nimevunja ncha ya penseli mara tatu. Ni hasira. Si kitu kingine.

Mvua ilinyesha asubuhi. Kabati lilibebwa na vijana wa Eknath mpaka kwenye kichuguu. Wanawake wamevaa kijani, bangili zinalia, mikono myekundu kwa hina, sahani za bisi za mtama. Kama ilivyo siku hii, hakuna aliyekata kitu tangu alfajiri. Hakuna kisu, hakuna jembe, hakuna mundu, hata kitunguu hakikukatwa, eti asije akajeruhiwa nyoka aliye ardhini. Watu wazima! Chakula chote ni cha mvuke na cha kufinyanga.

Nilihutubia. Nilianza na asili ya dhana ya ushahidi. Kabla sijafika kwenye ushahidi wenyewe Eknath akapiga kelele, "Profesa, maziwa yanaganda!" Basi kamba ikafunguliwa, bakuli likaingizwa, mlango ukafungwa, mafundo yote saba yakakazwa upya mvuani. Tuliafikiana kwamba hakuna atakayegusa mpaka kengele ya adhuhuri.

Hoja akainua kichwa.

Nilitabasamu kwa umati. Nikanyoosha kidole, nikasema, "Tazameni sasa anavyokataa."

Akatia mdomo wote ndani ya bakuli. Akanywa. Hakuonja! Alikunywa koo likipanda na kushuka kama pampu ya kisima, akanywa mpaka bakuli likapinduka, kisha akalamba ubao.

Umati ulilia kwa furaha. Wanawake wakainama. Mtu mmoja akanigusa miguu, mimi! Eknath alirukaruka kama mchumba. "Kanywa! Kanywa! Nyoka wa Profesa kanywa kuliko wa vikapu!" Nilipaza sauti kwamba tukio moja halithibitishi kitu, kwamba huenda ni bahati, kwamba tungoje adhuhuri tumjaribu tena. Hapo Sulochana akapenya katikati ya watu. "Uliapa. Mfungulie."

Nikamwambia jaribio halijaisha. Akasema, "Tazama."

Hoja alikuwa amegeuka ubavu. Maziwa yalimtoka mdomoni. Tumbo jeupe lilionekana, na mkia haukusogea. Nitakiri kwenye karatasi hii tu kwamba kitu fulani kilinishika kifuani, yawezekana ni zile bisi. Nikaenda kufungua kamba.

Katani ikilowa hukaza. Kitabu cha mabaharia hakikusema. Mafundo saba yalikuwa mawe saba. Nikavuta, nikang'ata, nikatoa kisu kidogo cha kuchongea penseli mfukoni.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mtaa mzima kwa pamoja: "KISU!" Bibi mmoja alinipiga kwa sahani. Eknath alinishika mkono, uso umempauka kabisa. "Una wazimu? Leo? Mbele yake?" Nikawauliza kama bora nyoka afe kwa desturi kuliko apone kwa chuma. Nikawauliza kwa sauti ya kitaalamu. Nikawaambia waketi tuijadili.

Hawakuketi. Sulochana alikuwa ameshapiga magoti, tumbo tupu tangu jana, anachimba fundo la kwanza kwa kucha. Kucha zikavunjika, akatumia meno. Akaja Mama na pini ya nywele. Wakaja wengine, kila fundo na wanawake watatu, bangili zinapasuka kwenye kioo, na Eknath, mwenyekiti, amewashikia mwavuli. Mimi nilikuwa naeleza namna sahihi ya kufungua kila fundo. Sulochana alisema, bila kugeuka, "Kaka yangu, nyamaza."

Kamba ikaanguka. Wakamtoa kwa mikono minne, wakamlaza kwenye matope. Hakuenda popote. Kisha ulimi ukatoka. Akajivuta hadi kwenye dimbwi la maji ya mvua, akalaza kidevu, akaanza kunywa. Alikunywa muda mrefu. Muda mrefu mno, mrefu kuliko alivyokunywa maziwa, na watu wote wa Karanjwadi walisimama kwenye mvua wakimtazama. Hakuna aliyeimba. Eknath alitazama dumu lake, akatazama dimbwi, akafunga kifuniko.

Mchezesha nyoka mmoja aliokota kikapu chake taratibu akaondoka nyuma ya watu. Sulochana alimfuata kwa macho, kisha kwa miguu. Sijui walizungumza nini.

Baadaye Hoja aliteleza, polepole, kuelekea ukuta wa ghala letu.

Hili la dimbwi nimeliandika kwa ukamilifu wa kumbukumbu tu. Halina uhusiano na jaribio.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimebeba chungu. Pekupeku. Sina la kuongeza, ila kwamba Eknath alikijaza mpaka ukingoni, na kwamba maziwa yake, yakikumiminikia machoni, hayana hata rangi.

Sulochana vidole vimefungwa vitambaa. Hawezi kukanda unga. Nilimwambia kwamba tukio zima lilikuwa na mafunzo mengi. Akasema, "Eeh? Taja moja." Nilikuwa bado nayapanga.

Hotuba ya bendera inabaki kwa Eknath. Atasoma ileile ya mwaka jana, na kwa makosa yaleyale.

Jumatatu, 12 Agosti

Sulochana ameondoka kwa basi la asubuhi. Alipita ghalani kwanza, nikamsikia akinong'ona na jiwe. Mama amefunga ghala kwa kufuli, ufunguo anauning'iniza kiunoni, analala nao. Panya wamepungua. Kabati limerudishiwa vikombe vya mieleka.

Lakini leo, heshima! Wamekuja wageni watatu kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, watu wa kamati ya maonyesho. Wachezesha nyoka wao hawakurudi na vikapu mwaka huu, haijulikani kwa nini. Wamesikia kwamba katika Karanjwadi yuko msomi mwenye nyoka anywaye maziwa kuliko nyoka wote. Wanataka nimlete. Watanipa jukwaa, kipaza sauti, na kiti chenye mikono. Niliwaeleza kwamba mimi ni adui wa maonyesho ya aina hiyo. Wakasema hilo nitaweza kulisema kwenye kipaza sauti, baada ya nyoka kunywa.

Nimekubali. Mtu hawezi kuupinga uovu akiwa mbali nao.

Nimepitia jaribio zima upya, kwa ukali usiojihurumia, na kosa nimelipata. Ni lile bakuli la maji la siku za mwanzo. Lilimfundisha Hoja kunywa kwenye bakuli! Alipoona maziwa hakuyatambua kama maziwa, alitambua bakuli. Wazi kama jua, na hakuna aliyeligundua ila mimi.

Nyoka ajaye hatapewa maji tangu siku ya kwanza.

Kilichobaki ni kumpata. Nimeingia jikoni kumweleza Mama umuhimu wa ule ufunguo. Alikuwa anakata vitunguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kukiweka kisu chini.

Kikwazo cha muda. Nimenunua globu kubwa zaidi.